Kijana wa malezi akitimiza 18: tulipokosea kwa wa kwanza, tulivyofanya kwa wa pili

Dada, umeuliza uanzie wapi kumwandaa kujitegemea binti unayemlea tangu akiwa na miaka tisa, kwa kuwa anatimiza 18 mwezi wa tatu. Mimi na mume wangu tumelea wawili hapa Morogoro. Wa kwanza, wa kiume, tulimkosea, na naanza na hapo.

Alikuja kwetu kutoka makao ya watoto na faili jembamba lisilo na cheti cha kuzaliwa. Kila mwaka tulisema tutafuatilia. Alipomaliza kidato cha nne ndipo tukaona kila mlango unadai karatasi hiyo. Bila cheti alikwama NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa. Bila namba ya NIDA hakuweza kusajili laini ya simu. Na fundi aliyempa kibarua alikuwa analipa kwa simu tu. Mtoto wa watu akawa anapokea jasho lake kwenye laini ya rafiki, na rafiki anamkata anavyotaka. Tulihangaika miezi 11. Kilichotuokoa ni kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha darasa la saba na barua ya mtendaji wa mtaa. Kwa hiyo fungua faili la binti leo usiku, uone kipi hakipo. Kama ni yatima na anatazamia mkopo wa chuo, vyeti vya vifo vya wazazi navyo huombwa, na lazima vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulimpangia chumba. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita, dalali akataka ya mwezi mmoja, tukalipa zote. Tukanunua godoro, mtungi mdogo wa gesi, sufuria mbili. Tukarudi nyumbani mioyo myeupe. Mwezi wa tatu jirani yake akanipigia: kijana ameuza mtungi na usiku analala na njaa. Nilikwenda nikidhani nitakuta ulevi au wanawake. Hakuna. Kibarua kilisimama, naye akaona aibu kutuambia. Akasema, "Mama, nilijua mmeshamaliza kazi yenu." Niliketi kwenye kizingiti cha kile chumba nikakosa jibu, kwa sababu kweli ndivyo tulivyomuaga siku ile, ingawa hatukutamka.

Ndiyo maana nakusihi usiifanye siku ya kutimiza 18 kuwa siku ya kuhama. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, sawa, lakini hakuna sheria inayokukataza kuishi na mtu mzima nyumbani kwako. Wangapi kati yetu tulijitegemea tukiwa na 18?

Binti wetu tulianza naye akiwa na 16. Kila Jumamosi nilimkabidhi shilingi 30,000 za soko, za nyumba nzima, siyo za kuchezea. Wiki ya kwanza ziliisha Jumatano. Tukala ugali na mchicha hadi Jumamosi, na nilimkataza mume wangu asimuongezee wala asimgombeze. Mwezi wa pili alikuwa anajua nyanya zinashuka bei saa ngapi. Umeme wa Luku alinunua yeye, hospitali alienda mwenyewe na kujieleza kwa daktari. Akasoma ushonaji chuo cha ufundi cha VETA, akahama akiwa na miaka 20, tayari ana wateja. Funguo za kwetu bado anazo, na kitanda chake hatujampa mtu.

Mikopo ya halmashauri ipo, asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya vijana, ila hutolewa kwa vikundi. Asiingie kikundi cha watu asiowajua.

Kuna jambo ambalo watu hawaligusi. Siku washenga wakija, watabisha hodi kwa nani? Akijifungua, nani atamlea uzazi? Tuliwaita shemeji zangu na dada wa mume wangu, tukakaa naye sebuleni, kila mmoja akasema kwa kinywa chake atasimama wapi. Baba mdogo alisema posa itapokelewa kwake. Binti alilia, na mimi nililia. Pia tulimpeleka Kilosa kumwona bibi yake mzaa mama. Niliogopa kumpoteza, nakiri. Sasa anakwenda kila Krismasi kisha anapitia kwetu Mwaka Mpya.

Kijana yule wa kwanza alirudi nyumbani akakaa mwaka na nusu kabla ya kupanga tena. Safari hii kila Jumapili anakula kwetu, na asipotokea, mume wangu anampelekea chakula.

Jumatatu nenda kwa mtendaji kachukue barua. Ukikwama kwenye cheti, andika hapa hapa ni nyaraka zipi unazo, nitakuambia zetu zilivyopita.