Chumvi za mkojo zinasaidiaje damu ikizidi asidi?
Dada, umeuliza kwa nini upime chumvi za mkojo kwa huyo mgonjwa wako wa Kigoma, mwenye asidi nyingi kwenye damu na pengo la anioni la kawaida (yaani sodiamu ya damu ukitoa kloridi na bikabonati). Hapo unataka kujua kama bikabonati, inayopunguza asidi, inapotea kwa kuharisha, au figo ndiyo haitoi asidi. Jumlisha sodiamu na potasiamu za mkojo, kisha toa kloridi. Jibu hasi: figo inatoa vizuri amoniamu, inayobeba asidi kwenye mkojo, fikiria kuharisha. Chanya: shuku ugonjwa wa mirija ya figo. Ila tafadhali sana, tazama sodiamu kwanza! Ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, kama kwa aliyekaukiwa maji, jibu chanya linaweza kukupotosha, kwani hata figo yenye afya hushindwa kutoa asidi ipasavyo.