Haiwaki, lakini ina thamani gani? Maswali ya wanunuzi wa mashine mbovu za magogo na mbao

Maswali haya yanatoka kwa wasomaji wanaonunua mashine zilizolala kwenye mashamba ya miti na yadi za mbao, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Tumeyafupisha.

Kuna trekta ya Massey Ferguson 165 hapa Mafinga, imesimama nje miaka minne. Mwenyewe anasema ilizimwa ikiwa nzima, shida ni pampu tu. Nitajuaje bila kuiwasha?

Trekta zote zilizokufa huwa zina shida ya "pampu tu". Iache pampu kwanza, angalia kama injini inazunguka. Weka gia huru, toa PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine nyingine), shika nati ya puli ya kranki kwa spana yenye mpini mrefu, kisha zungusha polepole raundi mbili kamili. Raundi mbili ndizo zinazozipitisha silinda zote nne kwenye mgandamizo, kwa hiyo injini nzima itakuwa ngumu mara nne na kulegea mara nne. Ukihesabu ugumu mara tatu, silinda moja haishiki. Ikizunguka laini mwanzo mwisho, ringi au valvu zimekwisha. Ikigota ghafla kila ikifika mahali palepale, kuna chuma kinazuia, mara nyingi valvu iliyoganda.

Isiposogea kabisa, angalia sailensa. Kwa ukungu na mvua za Mufindi, sailensa iliyosimama wima bila kopo juu yake hushusha maji hadi kwenye silinda ambayo valvu yake ya moshi ilibaki wazi siku injini ilipozimwa. Ringi hushika kutu kwenye silinda hiyo, pengine na ya pili, huku nyingine zikiwa nzima. Toa nozeli, mimina kwenye kila silinda kama nusu kikombe cha chai cha dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki. Acha siku mbili tatu, halafu tikisa kwa spana mbele na nyuma bila kulazimisha. Muuzaji akitaka kuiburuta kwa trekta nyingine ikiwa kwenye gia, mkatalie. Konrodi hupinda kabla ringi haijaachia, na hapo mmeshanunua ugonjwa mpya.

Halafu weka kopo chini ya sampu, legeza nati ya kumwagia oili kidogo kidogo. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia kutoka. Matone machache ni unyevu wa kukaa; yakijaza kikombe, uliza habari za gasketi ya hedi au bloku iliyopasuka. Chembe zinazong'aa ni beringi za kranki. Oili safi kabisa kwenye injini iliyolala miaka minne nayo ina maswali yake: nani aliibadilisha, na ile ya zamani ilikuwa na nini?

Mwisho piga tochi kwenye bloku pande zote, hasa nyuma ya stata, ukitumia kioo kidogo. Konrodi ikikatika hutoboa dirisha, na wapo wanaolichomelea na kupaka rangi. Ukikuta hivyo, jihesabie kwamba unanunua trekta isiyo na injini.

Sasa pampu. Kwenye 165 nyingi ni CAV ya rota. Dizeli iliyolala hugeuka gundi na kukwamisha valvu ndogo inayopima mafuta. Fundi wa pampu huilegeza na kazi imeisha. Rota ikikwama kwa kutu ni kununua. Fungua chini ya filta ya dizeli: yakitoka maji mekundu ya kutu, weka bei ya pampu nzima kwenye hesabu yako.

Bei nipangeje? Muuzaji anataka milioni 9, dalali anasema ni bei ya kutupa. (Makambako)

Kuna bei mbili za kujua kabla ya kufungua mdomo. Ya chini ni ya chuma chakavu: uzito mara bei ya kilo ya siku hiyo. Trekta ya ukubwa wa 165 ina kama tani mbili. Tuseme kilo ni shilingi 800, hiyo ni milioni 1.6. Muuzaji mwenye akili hashuki hapo, kwa sababu hata rimu, difu na haidroliki zina wateja wake.

Bei ya juu inatoka kwa ile inayowaka. Tuseme kwenu inayofanya kazi inauzwa milioni 16. Toa oveholi ya injini pamoja na pampu, tuseme 4.5. Toa tairi mbili za nyuma, 2.6. Toa betri, stata, rejeta na mabomba, 0.5. Toa usafiri, 0.8. Jumla ya makato ni milioni 8.4. Ongeza juu ya makato hayo theluthi yake, 2.8, kwa ajili ya yale usiyoyaona, kwa sababu klachi iliyoshikana na flaiwili au gia iliyomeguka haionekani ukiwa umesimama nje. Toa yote kwenye 16, inabaki 4.8. Hapo ndipo mwisho wako, na hiyo ni kabla hujajilipa hata senti kwa kazi na kwa muda trekta itakaokuwa juu ya mawe. Tarakimu ni za mfano, weka za kwenu. Theluthi ile usiifute hata dalali akikuapia.

Usafiri nao usiubahatishe. Mashine iliyoko kando ya lami ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, na iliyoko ndani ya Lupembe mwezi wa Machi si bei moja.

Chenso ya Stihl 070 haiwaki, inauzwa rahisi. Ninunue?

Fungua sailensa, ni boliti chache tu, kisha mulika pistoni kupitia tundu la moshi huku ukivuta kamba taratibu. Mikwaruzo ya wima upande wa moshi peke yake inaonyesha joto kali, aghalabu kwa kabureta iliyobana mafuta. Ikiwa imezunguka pande zote, ilipigwa petroli isiyo na oili. Ikiwa upande wa kabureta, ilimeza vumbi kwa filta mbovu. Mkwaruzo unaokwaza ukucha unamaanisha pistoni mpya, na mara nyingi silinda pia.

Pistoni ikiwa safi, funga geji ya kupima mgandamizo kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara sita hivi. Chini ya psi 100 usitegemee iwake vizuri. Kisha shika flaiwili, itikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, beringi za kranki zimekwisha, na hapo kazi ni kupasua mashine yote. Gamba la kranki lenye ufa liache. Ni aloi nyepesi, welda wa barabarani atalimaliza.

Nakala za 070 ziko nyingi. Si kwamba hazifanyi kazi, ila usizilipie bei ya jina. Na ukishaifufua, oili ya kawaida ya tu-stroku ichanganye 1 kwa 25. Ile 1 kwa 50 ni kwa oili ya Stihl yenyewe.

Mashine ya kupasulia mbao, dingdong, haina injini. Kilichobaki kina maana? (Njombe)

Kina maana kama shafti imenyooka. Simamisha msumari karibu uguse shafti, izungushe kwa mkono: nafasi ikipanuka na kubana, imepinda. Beringi za pembeni ni rahisi, zisikutishe. Fremu ipime kwa kamba kutoka kona hadi kona. Mishazari miwili isipolingana, mbao zitatoka nene huku, nyembamba kule.

Bledi, yaani msumeno wa duara, itundike kwenye kidole au kwenye fimbo, igonge kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa mlio uliokufa. Futa utomvu wa misindano kwenye mashimo ya kati ya meno, kwani nyufa huanzia hapo. Madoa ya bluu yanaonyesha ilichemka, na bledi iliyochemka huyumba ikishika kasi. Bledi yenye ufa si ya kuchomelea, ni ya kutupa, kwa sababu kipande kikiruka kinaua. Angalia pia unene wa mkato: bledi inayokula milimita 6 inakupotezea karibu ubao mmoja wa inchi moja kila ikipita mara nne.

Buldoza la Katapila D6 limetelekezwa, injini inazunguka kwa mkono. Ni bahati?

Tazama chini kabla ya kushangilia. Cheni, rola, aidla (gurudumu la mbele la cheni) na sproketi (gurudumu la meno linaloivuta) zinaweza kula nusu ya gharama zote za matengenezo ya mashine ya aina hii. Kaza cheni, pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya tano. Kwenye D6 yenye pichi, yaani nafasi ya pini hadi pini, ya milimita 203, cheni mpya inasoma kama 813. Kila milimita inayozidi ni pini na bushi zilizolika. Meno ya sproketi yaliyochongoka yanasema hivyohivyo bila futi. Halafu legeza nati za oili za fainodraivu (gia za mwisho zinazozungusha sproketi) zote mbili na uangalie chembe za chuma.

Winchi ya trekta yenye waya wa mita 50, waya nao niuhesabu?

Hapana. Waya uliolala nje huoza kuanzia ndani, kwenye utambi, ambako huoni. Lipia dramu, gia na breki, waya nunua mpya.

Karatasi gani nidai?

Trekta iwe na kadi, na namba ya chesisi kwenye kadi uilinganishe na iliyogongwa kwenye chuma. Mashine isiyo na kadi andikishianeni mkataba mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa, namba ya injini ikiwemo. Mwenyewe akiwa marehemu, muuzaji ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, si mtoto mkubwa. Chuma cha serikali au cha ushirika hununuliwa kwa mnada wenye stakabadhi. Ukiuziwa na mlinzi, siku ya kukipakia ndiyo siku ya kukamatwa.