Jibu: Giligilani ina punje kubwa lakini mafuta yamepungua

Salama mkuu. Nimekusoma: misimu 3 unachekecha giligilani, unabakiza punje kubwa kwa mbegu, kilo zimepanda kidogo ila mafuta unayokeneka yanapungua.

Nadhani mchawi ni hilo chekeche. Giligilani ya punje kubwa, milimita 3 hadi 5, kwa kawaida haifikishi hata asilimia 0.5 ya mafuta. Zile ndogo, chini ya milimita 3, ndizo zinazoweza kuvuka asilimia 1. Nami niliwahi kuingia mkenge huohuo.

Kwanza angalia shamba la jirani. Nyuki wanahamisha chavua, kwa hiyo hata ukichagua mama mzuri, baba humjui. Kama jirani kapanda giligilani ya majani, badilisha tarehe ya kupanda ili maua yasikutane.

Halafu chagua mmea, si punje. Mimi nafunga uzi mwekundu kwenye mimea 30 hivi isiyolala na yenye miavuli mingi (vichala vya maua vyenye umbo la mwavuli), kila mmoja navuna kwenye bahasha yake. Nasaga punje kumi kwa mgongo wa kijiko, nanusa. Maabara sijawahi kupeleka, na pua huchoka ukifika bahasha ya nane, kwa hiyo napumzika. Zilizoshinda kwa harufu napanda kila moja mstari wake, na mimea dhaifu naing'oa kabla haijachanua.

Usinuse punje mbichi lakini, zinanuka kunguni! Subiri zikauke ziwe kahawia.