Nani anapiga besi katika Grant's First Stand?

Ndugu, umeuliza ni nani anayepiga besi katika albamu ya kwanza ya mpiga gitaa Grant Green, ilhali wanamuziki wanaotajwa ni watatu tu. Besi hiyo ni ya Baby Face Willette mwenyewe, mpiga kinanda cha Hammond, kwa kuwa kinanda hicho humwezesha mpigaji kushika sauti za chini kwa mkono wa kushoto na pedali za miguuni, huku mkono wa kulia ukiitikia gitaa. Ngoma anapiga Ben Dixon. Walirekodi tarehe 28 Januari 1961 katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, siku tano baada ya Green na Willette kumsindikiza mpiga saksafoni Lou Donaldson katika albamu ya Here 'Tis, na kuzoeana huko kunasikika wazi.

Sikiliza kwa makini "Miss Ann's Tempo": kwa kuwa kinanda kimekwisha kujaza nafasi, Green hupiga noti moja moja, kama anayepuliza saksafoni, na kwangu huo ndio uzuri mkubwa wa albamu nzima. (Alikuwa amerekodi na mpiga piano Wynton Kelly mwishoni mwa 1960, lakini kazi hiyo ilitolewa mwaka 2001.)