"Put Off" Ilivyonikosesha Kazi

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia. Ameomba nafasi ya masomo, na huko alikoomba wamemjibu kwa barua pepe fupi yenye sentensi hii: "Please don't be put off by the length of the form." Akaniuliza: "Kaka, wanasema nisiahirishe kuijaza kwa sababu fomu ni ndefu, au fomu yenyewe ndiyo imeahirishwa? Nimekaa na hii barua siku mbili, sijui nianzie wapi."

Moyo ulinishtuka. Sentensi si ngumu, lakini hiyo hiyo "put off" ndiyo iliyonikosesha kazi niliyoitamani kuliko zote nilizowahi kuomba, na sijawahi kulisema jambo hili hadharani. Leo nalisema.

Nilikuwa nimemaliza masomo na Kiingereza changu cha darasani kilikuwa kizuri. Nasema hivyo kwa haki: alama zilikuwa za juu, nyakati za vitenzi nazijua zote, kugeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa hakunisumbui. Nikaitwa kwenye usaili. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, shati nimeshalipiga pasi linaning'inia mlangoni, simu ikaita. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, lakini aliongea haraka mno, na nilichoambulia ni maneno ya mwisho: "So we've had to put it off. We'll be in touch." Nikamshukuru, akakata.

Nilijua "put" ni weka. Nilijua "off" ni zima, kama inavyoandikwa kwenye swichi. Nikajumlisha mwenyewe: usaili wameuzima, umefutwa. Ile "We'll be in touch" nikaichukulia kuwa maneno ya kumpoza mtu aliyenyimwa. Nikalitoa shati mlangoni, nikalikunja, nikalirudisha sandukuni. Kwa karibu wiki tatu sikufungua barua pepe niliyoombea kazi, maana kila nikiikumbuka roho iliniuma. Siku nilipoifungua nikakuta ujumbe wao: tarehe mpya, saa, namba ya chumba. Tarehe ilikuwa imepita siku sita. Nikapiga simu, nikaambiwa nafasi imeshajazwa.

Kuahirisha. Hiyo ndiyo maana yake. Usaili ulikuwa umesogezwa mbele tu. Kitu kikifutwa kabisa, Waingereza husema "call off". "They put off the meeting", kikao kipo, siku ndiyo imebadilika. "They called off the meeting", hakuna kikao. Mpaka leo nikisikia moja ya hizo, najikuta nasimama kidogo.

Angesema "postpone" ningeelewa papo hapo, kwa sababu ndilo neno nililofundishwa. Hapa nina kinyongo na sitakificha. Tunakaririshwa maneno marefu ya kwenye barua za ofisi, halafu tukitoka nje tunakuta watu wanaongea kwa vile vifupi ambavyo hakuna aliyetuonyesha. Na hilo "postpone" lenyewe ni la Kilatini. Ukilifungua ndani utakuta "weka" na "baada". Yaani Warumi nao walichukua "weka" wakaibandika kijineno, kama Waingereza walivyofanya. Samuel Johnson, Mwingereza aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi vya aina hii, vyenye kijineno nyuma yake, ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko mambo mengine. Siku nilipolijua hilo nilipumua. Kumbe sikuwa mjinga. Nilikuwa nimejikwaa pale pale ambapo mwenye lugha mwenyewe alishasema watu hujikwaa.

Kilichonifungua macho hasa ni Kiswahili. Fikiria "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga mbizi. Mgeni anayejua kwamba kupiga ni kuchapa, akisikia fulani kapiga picha, atauliza picha imekosa nini. Wewe hukuwahi kukaa darasani kufundishwa "piga". Uliisikia ikiwa ndani ya sentensi nzima tangu utotoni, ikakaa. "Put", "get", "take" na "turn" ndizo "piga" za Waingereza. Ukizitafsiri neno kwa neno utaumia kama nilivyoumia mimi.

Basi ukikutana na "put off", jiulize kwanza: kinachofanyiwa ni jambo au ni mtu?

Likiwa jambo, ni kuahirisha. "I keep putting off going to the dentist": kila siku naahirisha kwenda kwa daktari wa meno. Angalia hapo kwamba ni "putting off going", wala si "to go". Kosa hilo nalisikia hata kwa watu waliobobea.

Akiwa mtu, ndipo utamu ulipo, maana zipo mbili. Ya kwanza: "He owes me money but he keeps putting me off." Ana deni langu, lakini kila nikimfuata ananipiga kalenda. Sijaona tafsiri inayoifikia hiyo, na tazama, "piga" imerudi tena! Ya pili ni kumtoa mtu hamu au kumvunja moyo. "The smell put me off": harufu ile ilinitoa hamu. "Don't let one bad mark put you off": alama moja mbaya isikukatishe tamaa. Humo ndimo linamotoka "off-putting", kwa kitu au tabia inayomfanya mtu arudi nyuma.

Kwa mpangilio wa maneno sitakuchosha. "Put the trip off" na "put off the trip" zote sawa, lakini ukitumia "it", lazima ikae katikati: "put it off". Na "put" haibadiliki hata jambo likiwa la jana.

Kuhusu taa: wengi wetu husema "put off the lights". Watu watakuelewa, ila zoea "turn off" au "switch off". Na moto ni "put out". Usidhani pia kwamba "off" daima ni kuzima. "The lights went off", taa zimezimika. "The alarm went off", kengele imelia! Kijineno ni kile kile, kitenzi ni kile kile, na maana zimepeana mgongo.

Siku hizi kutafsiri ndiyo kazi inayoniweka mjini, na nalisema hilo kwa fahari. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye kikao, mgeni mmoja akasema: "The client was put off by the price." Mwenzangu aliyekuwa akiandika muhtasari akaandika kwamba mteja ameahirisha kwa sababu ya bei. Watu wakaanza kupanga namna ya kumsubiri. Nikanyoosha mkono nikasema hapana, huyu hajaahirisha chochote, bei imemkimbiza, na tukimsubiri hatarudi. Mwandishi akafuta ile sentensi. Mteja akapigiwa simu kabla hatujainuka kwenye viti. Nilipotoka pale nililikumbuka lile shati.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayetaka kufika mbali kwa lugha hii, uache kukariri orodha za maneno. Orodha nilizikariri mimi, na hazikunisaidia simu ilipoita. Weka daftari, andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, na aliyeisema alikuwa anazungumzia nini. Kisha uliza. Usione haya kuuliza. Mtu akikwambia kwenye simu neno usilolielewa, mwambie: "Sorry, do you mean there'll be a new date?" Sentensi moja tu, ya sekunde tatu. Mimi niliona nikiuliza wataniona sijui Kiingereza, nikanyamaza kulinda heshima, na kwa kunyamaza nikapoteza kile ambacho heshima hiyo ingeninunulia. Uliza. Hata ukidhani umeelewa, uliza.

Dada aliyeniandikia nimemjibu hivi: kinachofanyiwa hapo ni wewe, mtu, si fomu. Wanakwambia urefu wa fomu usikuvunje moyo. Hakuna kilichoahirishwa, tarehe ya mwisho iko pale pale, na kwa jinsi walivyoandika, wanataka uijaze.

Jana usiku alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Jina lake limeshaandikwa kwa herufi kubwa, wino bado unang'aa. Kurasa zilizobaki ni 11.