Mbegu zilizobadilishwa vinasaba na mazingira: majibu kwa wasomaji

Je, ni kweli kwamba pamba ya Bt haihitaji kupuliziwa dawa? (Msomaji, Kitui)

Si kweli kabisa. Pamba hiyo, ambayo Kenya iliruhusu ilimwe kibiashara mwishoni mwa mwaka 2019, imewekewa kinasaba cha bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, ili itengeneze protini inayoharibu utumbo wa funza wa vitumba. Dawa za funza hupungua, na hiyo ni nafuu kubwa kwa nyuki na kwa mkulima anayebeba bomba mgongoni, lakini wadudu wanaofyonza utomvu hawadhuriki. Kaskazini mwa China, unyunyiziaji ulipopungua, kunguni wa mimea waliongezeka hata wakashambulia mizabibu na mitufaha ya jirani.

Wadudu hawatazizoea mbegu hizi? (Msomaji, Trans Nzoia)

Wamekwisha kuzizoea, na mfano ulio karibu nasi uko Afrika Kusini, ambako mahindi ya Bt yalianza kulimwa mwaka 1998. Bungua wa mahindi, ambaye yupo pia katika nyanda zetu za juu, hutaga mayai kati ya ala ya jani na bua. Kiwavi huanza kwa kutafuna majani machanga yakiwa bado yamejikunja, ndiyo maana jani likifunguka huonekana vitobo vilivyojipanga mstari mmoja. Kisha hujichimbia buani, mahali ambapo dawa ya kupulizia haimfikii. Protini ya Bt humuulia huko huko.

Ili nguvu hiyo idumu, wakulima walitakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, asilimia 20 ikiwa itapuliziwa dawa au 5 ikiwa haitapuliziwa, ili bungua wasio sugu waendelee kuzaliana na kupandana na wale wachache walio sugu. Wengi hawakutimiza sharti hilo, na mwaka 2007 iliripotiwa kwamba wapo bungua wanaokua vizuri ndani ya mahindi hayo. Kwa maoni yangu, mbegu isigawiwe kwetu kabla majirani hawajakubaliana nani atapanda ya kawaida, kwani mwenye nusu ekari hawezi kulibeba jukumu hilo peke yake.

Chavua itafika shambani kwangu? (Msomaji, Makueni)

Ya mahindi huchukuliwa na upepo, na ingawa nyingi huanguka karibu, kiasi fulani husafiri mbali zaidi. Anayetunza mbegu ya asili apishanishe tarehe za kupanda kwa wiki kadhaa ili mashamba yasichanue pamoja. Mtama unanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa Afrika ndiyo asili yake na jamaa zake wa porini, wanaoota kandokando ya mashamba yetu, huzaa nao.

Na mimea inayostahimili viuagugu? (Msomaji, Dodoma)

Hapo lawama kubwa ni ya dawa. Nchini Marekani, ambako soya ya aina hiyo ilianza kupandwa mwaka 1996, kutegemea kiuagugu kimoja, glyphosate, msimu baada ya msimu kulizalisha magugu sugu ya jamii ya mchicha, na wakulima wakalazimika kurudia dawa za zamani na hata jembe la mkono.