Mwezi wa Kwetu Hulala Chali: Kwa Wanaoanza Kuchora Katuni za Majini na Miujiza

Mtu anayeanza kuchora katuni za mtandaoni akinionyesha kurasa zake, huwa natafuta mwezi kwanza. Hadithi za majini na falme za kubuni hazikosi usiku, na usiku wa katuni haukosi mwezi mwembamba. Mara nyingi naukuta umesimama wima, pembe zikielekea pembeni, ilhali hadithi yenyewe iko Kilwa, au kwenye kisiwa kilichobuniwa kwa sura ya Kilwa. Mwezi huo umenakiliwa kutoka kwa wachoraji wa Japani na Ulaya. Wao hawana kosa, wanachora wanachokiona kwao. Huku karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala chali kama dau, pembe juu, na kuna majira ya mwaka huinama kidogo ubavuni. Toka nje siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama, mara tu baada ya magharibi, uangalie mwenyewe.

Mimi nachora kwa mapenzi tu, riziki yangu inatoka kwingine. Kutazama nyota nako ni mapenzi. Ushauri wangu kwa anayeanza lolote kati ya haya mawili ni kwamba ayafanye pamoja. Msomaji atamkubali jini anayekopesha fedha na papa anayeruka juu ya minazi, mradi kuna vitu vichache ndani ya picha anavyovijua kwa macho yake. Anga ni rahisi kuliko vyote: lipo kila usiku na halidai kiingilio.

Jifunze kwanza saa za mwezi, kwa sababu ndizo zinazoharibu matukio mengi. Mwezi mchanga huonekana magharibi jua likishatua, na hauchukui muda nao unazama. Kwa hiyo mwizi wako hawezi kupanda ukuta saa sita usiku akimulikwa na mwezi ule ule mwembamba ulioonekana wakati wa futari. Nusu mwezi wa kwanza huwa juu jua linapotua, kisha huzama karibu na usiku wa manane. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua na kukaa usiku kucha. Ukitaka mwezi mwembamba wa usiku mkubwa, tumia ule wa mwisho wa mwezi, unaochomoza mashariki kabla ya alfajiri. Halafu ile nyota inayochorwa ndani ya pembe za mwezi: sehemu ile yenye kiza bado ni mwezi, kwa hiyo nyota hiyo itakuwa imekaa mbele yake. Kama ni taa ya uchawi, sawa, lakini liwe jambo uliloliamua.

Sasa uchore mwezi wenyewe. Wengi hukimbilia mwezi mpevu, na ndio usiofundisha kitu, kwa kuwa jua linaupiga usoni na vivuli vyote vinapotea. Nusu mwezi ndio mwalimu. Pale mwanga unapopakana na kiza, milima na mashimo hutupa vivuli virefu, na hata darubini ndogo ya macho mawili ya 7x50 au 10x50 inakuonyesha. (Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Muuzaji akikutajia ukuzaji wa mara mia mbili kwenye kijidarubini cha mkononi, aga uondoke.) Chukua karatasi nyeusi na penseli nyeupe, uchore palipo na mwanga tu, kiza kiache kama kilivyo. Ukizoea hilo, wino wako mweusi kwenye katuni utatulia, maana utaacha kuzungushia kila kitu mstari.

Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea kiza, na kioo cha simu huyarudisha mwanzo kwa mara moja. Funika tochi kwa plastiki nyekundu uchoree mwanga huo. Na darubini usiielekeze kwenye jua hata kwa utani. Jicho halina spea.

Kupima anga hakuhitaji chombo. Nyosha mkono: kidole kidogo ni kama nyuzi 1, ngumi ni kama nyuzi 10. Mwezi wenyewe ni nusu ya nyuzi tu, kidole kidogo kinauficha wote, ndiyo maana ile miezi inayojaza nusu ya fremu huonekana ya sinema. Hii si elimu ngeni baharini kwetu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa vidole, na Ahmad bin Majid, baharia wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu juu ya kazi hiyo. Mchoraji anayenyosha penseli kupima uwiano wa uso wa mtu anafanya jambo lile lile.

Kama hadithi yako ina jahazi, na wengi wetu wa pwani hatuwezi kujizuia, chunga nyota unazompa nahodha. Jaa, nyota ya kaskazini, haionekani kutoka Kilwa, iliyo karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Akielekea Arabuni ataanza kuiona chini kabisa upeoni baada ya kuvuka ikweta, na hapo umepata tukio zuri bila kubuni chochote: mabaharia wapya wanaiona nyota ambayo kwao haipo. Jabari (Orion), lile kundi la nyota lenye umbo la mwindaji, naye kwetu huchomoza akiwa amelala ubavu, wala hasimami wima na upanga wake kama kwenye vitabu vya Ulaya. Mwezi wa Mei, kama saa tatu usiku, ukitazama kusini unaiona Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, imesimama wima, ukigeuka kaskazini unaona zile nyota saba za Dubu Mkubwa chini chini, zimepinduka. Mchoraji wa London haoni Salibu, wa Cape Town haoni Dubu akiwa mzima. Sisi tunaviona vyote viwili usiku mmoja.

Nyota pia zitakuokoa na yale maandishi ya "miezi mitatu baadaye". Kila nyota huchomoza mapema kwa kama dakika nne kila siku, yaani saa mbili kwa mwezi. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, iko chini upande wa mashariki jioni za Novemba, Januari saa tatu usiku iko juu sana, na Aprili jioni inaelekea kuzama magharibi. Chora baraza ile ile, mzee yule yule, ubadilishe tu mahali pa Kilimia. Wasomaji wawili watatu watagundua na watakupenda kwa hilo. Wengine watahisi tu kwamba muda umepita. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure, itakuonyesha anga la mji na tarehe yoyote, lakini itumie kuhakiki ulichokiona. Ukiifanya ndiyo dirisha lako la kwanza, utachora anga la kompyuta.

Upande wa utengenezaji sina mengi. Kwa programu za kuchorea, Krita ni ya bure kwenye kompyuta, ibisPaint inatosha kwenye simu. Katuni za kushuka kwa kidole, mtindo ulioenea kutoka Korea Kusini, huwekwa kwenye WEBTOON, jukwaa la katuni za mtandaoni, kwa vipande vya upana wa pikseli 800; chora kwa upana maradufu ndipo upunguze. Andika maneno kabla ya kuchora watu. Kitenzi kama "wasipotukaribisha" kinakula mstari mzima wa kiputo cha maneno, na ukikikata katikati kwa kistari msomaji anajikwaa. Faili zako ziwe nyepesi, maana msomaji wako analipia bando. Halafu fanya jaribio ambalo wachoraji wa usiku hulikwepa: fungua ukurasa wako kwenye simu ya bei nafuu, adhuhuri, nje, mwanga wa kioo ukiwa nusu. Usiku uliojaa bluu tano za kupendeza utakuwa umegeuka doa jeusi. Bluu mbili na nyeupe moja zinatosha.

Na tafadhali, usianze na riwaya ya falme saba. Chora kisa cha kurasa nane chenye mwisho, ukitoe, kisha kingine. Ule ufalme utaumudu baadaye mkono ukishazoea.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, anga la pwani hufunga kwa wiki nzima. Ni wakati wa mazungumzo, fremu za ndani ya nyumba na kupaka rangi. Jitahidi mwisho wa Mei uwe na sura mbili tatu za akiba, kwa sababu kipupwe kikiingia Juni na kundi la nyota la Nge likapanda juu kabisa, hakuna atakayekukalisha mezani.